Ukaguzi wa manunuzi kwenye miradi ya ujenzi Kigoma na Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanaobeba miradi: wakuu wa shule, waganga wafawidhi, watendaji wa vijiji na kata, wahandisi wa halmashauri, maafisa manunuzi na wajumbe wa kamati. Mifano mingi ni ya madarasa, zahanati na nyumba za watumishi, kwa kuwa huko ndiko hoja nyingi, yaani kasoro ambazo mkaguzi anaziandika na kudai majibu, huzaliwa.

Ukaguzi wa manunuzi ni nini, na unatofautianaje na ukaguzi wa hesabu?

Mkaguzi wa hesabu anataka kujua kama fedha imepokelewa, imetumika na imeandikwa inavyotakiwa. Mkaguzi wa manunuzi anakifuata kitu chenyewe tangu kilipoombwa: nani alikihitaji, kilikuwamo kwenye mpango, bei ilipatikana wapi, nani aliidhinisha, nani alikipokea, na sasa kiko wapi. Kazi yake yote ni kulinganisha mambo matatu, yaani kilichopangwa, kilicholipwa na kilichopo.

Chukua madarasa mawili. Mchanganuo wa vifaa unasema mifuko 300 ya saruji. Risiti zinaonyesha mifuko 300, na leja ya stoo inaonyesha 300 imeingia na 300 imetoka. Hesabu ziko sawa. Lakini ukipima msingi, kuta, sakafu na plasta, kazi iliyopo inabeba mifuko kama 230. Hoja imeshapatikana, hata kama hakuna risiti hata moja yenye kasoro.

Nani wanaweza kuja kukagua mradi wetu?

Wa kwanza ni mkaguzi wa ndani wa halmashauri, anayefanya kazi chini ya afisa masuuli, yaani Mkurugenzi Mtendaji. Nje ya halmashauri kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye mamlaka yake yanatoka ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) inaangalia kama Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, na kanuni zake za mwaka 2024 zimefuatwa. TAKUKURU hufuatilia miradi kwa jicho la rushwa. Wafadhili nao huleta wakaguzi wao.

Mbio za Mwenge wa Uhuru si ukaguzi wa kitaalamu, lakini viongozi wake hufungua mafaili, hugonga kuta na huweza kukataa kuzindua mradi. Faili lililo tayari kwa CAG linatosha kwa wote hao. Usitengeneze faili la Mwenge na faili la CAG. Mafaili mawili yakipishana, hoja umeiandika mwenyewe.

Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Kwa nini nihangaike na ukaguzi wakati mradi ndiyo kwanza unaanza?

Kwa sababu ripoti ya CAG hufika kwa Rais mwisho wa Machi, miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Kufikia hapo nondo ziko ndani ya zege, fundi amehama, na duka lililouza bati huenda limefungwa. Ukaguzi wa namna hiyo unaonyesha kosa, lakini hauwezi kuuokoa mradi.

Msimamizi anayejua kazi anamwita mkaguzi wa ndani mapema, tena kwa barua. Kwa jengo la kawaida, hatua tatu zinatosha: kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kufunga lenta, na kabla ya kupaua. Kila hatua anakagua vilivyonunuliwa, vilivyotumika na vilivyobaki stoo. Ni kazi ya nusu siku. Upungufu wa mifuko 20 ukionekana kwenye msingi, bado kuna nafasi ya kuuliza zamu ya nani, fundi yupi, siku gani. Ukionekana mwakani, linabaki jina la aliyesaini tu.

Huku kwetu kuna sababu nyingine. Mvua zikianza Novemba, barabara nyingi za vijijini Uvinza, Kakonko na Kaliua huwa ngumu kupitika hadi Aprili au zaidi. Manunuzi yaliyochelewa Septemba yanakuwa manunuzi ya dharura Desemba: bei ya juu, profoma (nukuu ya bei ya muuzaji) ya mkono, malipo kabla ya kupokea. Hoja nyingi za manunuzi chanzo chake ni kalenda mbaya kabla hata ya kufikiria wizi. Mpango wa Mwaka wa Ununuzi upangwe kwa kuangalia mvua: vifaa vizito, yaani mawe, mchanga, kokoto, saruji na nondo, vifike eneo la mradi kabla ya mwisho wa Oktoba.

Kwenye fosi akaunti, yaani kujenga kwa kununua vifaa wenyewe na kulipa fundi badala ya mkandarasi, faili liwe na nini?

Liwe na mfuatano ambao tarehe zake hazigongani. Anza na barua ya kupokea fedha na maelekezo ya mradi, michoro, na mchanganuo wa vifaa na gharama uliosainiwa na mhandisi. Zifuate barua za kuteua kamati. Baada ya hapo kila ununuzi uwe na mnyororo wake: maombi ya vifaa, idhini, nukuu za bei, muhtasari wa kikao cha kamati ya manunuzi, hati ya kuagiza (LPO), hati ya kupeleka mzigo ya muuzaji, ankara, taarifa ya kamati ya mapokezi, ukurasa wa leja, vocha ya malipo, na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi).

Mkaguzi mzoefu hasomi maneno kwanza, anasoma tarehe. LPO ya Agosti 14 yenye ankara ya Agosti 9 maana yake mzigo uliagizwa kwa mdomo na karatasi zikafuata. Muhtasari wa kikao uliosainiwa siku ambayo mwenyekiti alikuwa safarini, na hati ya safari ipo, ni tatizo kubwa kuliko kutokuwa na muhtasari kabisa, maana hapo swali si uzembe tena, ni kughushi.

Usirudishe tarehe nyuma. Kama kikao kilichelewa, andika tarehe ya kweli na sababu yake. Ucheleweshaji unaelezeka.

Kwa nini kuna kamati tatu, wakati kijijini watu ni walewale?

Kamati ya manunuzi inatafuta bei na kuchagua muuzaji. Kamati ya mapokezi inahesabu na kupima kilicholetwa. Kamati ya ujenzi inasimamia matumizi na kazi ya fundi. Zikitenganishwa, mtu aliyeagiza nondo za milimita 12 siye anayethibitisha kwamba zilizofika ni za milimita 12. Akiwa mtu mmoja, ulinzi wote umeanguka, hata kama ni mwaminifu.

Kwenye shule yenye walimu wanne hili ni gumu kweli. Tumia wajumbe wa serikali ya kijiji, wazazi na watumishi wa zahanati ya jirani. Mjumbe mmoja wa mapokezi awe fundi au mtu anayejua vifaa. Mwombe mhandisi wa halmashauri akusaidie kumpata. Mkuu wa shule asiwe mjumbe wa mapokezi, kwa kuwa yeye ndiye anayeidhinisha malipo.

Nina profoma tatu. Mbona bado mkaguzi anasema hakuna ushindani?

Pengine zote zimetoka duka moja. Kigoma mjini au Nzega muuzaji anaweza kukuambia, "Usihangaike, nitakuletea zote tatu." Dalili zake ni hizi: namba ya simu inajirudia, kosa lilelile la tahajia limo kwenye karatasi zote, bei zimepishana kwa kiwango kilekile kwenye kila bidhaa, au duka la tatu biashara yake ni vipuri vya pikipiki na halijawahi kuuza bati. Mkaguzi anaweza pia kupiga simu au kupita dukani. Mara nyingi hupita.

Mjumbe wa kamati azifuate nukuu mwenyewe, na kwenye muhtasari aandike nani alikwenda duka gani na siku gani. Hilo tu linamaliza mjadala mwingi.

Kugawa manunuzi ni kosa gani?

Ni kuvunja hitaji moja vipande vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachodai ushindani mpana. Bati 240 za jengo moja zilizonunuliwa mara nne ndani ya wiki mbili, duka lilelile, zitahesabiwa hivyo. Kama mafungu yalitokana na fedha kuingia kwa awamu, ambatanisha taarifa ya benki inayoonyesha fedha iliingia lini.

Mkaguzi anapimaje vifaa ambavyo tayari viko ukutani?

Kwa futi kamba, mzani na hesabu ambazo hata kamati ya kijiji inaweza kuzifanya. Tunazieleza hapa kwa urefu kwa sababu anayezijua kabla ya kujenga hapungukiwi.

Saruji. Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko ya kilo 50 kati ya 6 na 6.5 kwa mita moja ya ujazo. Sakafu ya darasa la mita 9 kwa 7, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3, yaani karibu mifuko 40. Ongeza miwili ya upotevu. Leja ikionyesha mifuko 60 kwa sakafu hiyo, ama unene umeongezwa na mhandisi kwa maandishi, ama mifuko haikuingia kwenye sakafu. Angalia pia daraja la saruji lililoandikwa kwenye mfuko. Mchanganuo ukisema 42.5 na mifuko mitupu ikasema 32.5, bei uliyolipa ni ya kitu kingine. Tunza mifuko mitupu hadi hatua ikaguliwe.

Nondo. Ya milimita 12, urefu wa mita 12, inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, na ya milimita 16 ni karibu kilo 19. Sokoni zipo nondo zinazoitwa "kumi na mbili" ambazo kipenyo chake ni milimita 11. Hizo zina kilo 9 tu, upungufu wa asilimia 16 hivi wa chuma ambacho mhandisi alikitegemea. Kamati ya mapokezi iazime mzani wa mazao, ipime nondo tano zilizochaguliwa ovyo, na iandike uzito kwenye taarifa. Urefu nao upimwe, kwani nondo za mita 11 huuzwa kwa bei ya mita 12.

Mchanga, mawe na kokoto. Hapa "tripu" ndiyo inayoleta hasara. Tripu ya lori gani? Bodi ya mita 4 kwa 2 iliyojazwa hadi sentimita 75 inabeba mita za ujazo 6. Ikijazwa hadi sentimita 50 ni 4. Kwa tripu kumi umepoteza mita za ujazo 20, na risiti bado inasema tripu kumi. Andika mita za ujazo kwenye LPO, pima bodi lori likifika, na andika namba ya gari.

Bati. Namba ya geji ikiongezeka, bati linakuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko 28. Chapa kwenye bati isomwe kabla halijapanda juu, na ipigwe picha. Mkaguzi mwenye kifaa cha kupimia unene atapanda ngazi.

Mbao. Ziwe zimetiwa dawa kama mchanganuo unavyotaka, na muuzaji awe na kibali halali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) cha kusafirisha mazao ya misitu. Sikonge, Urambo na Kaliua, mahali penye misitu ya miombo, mbao za bei nafuu zisizo na kibali zinapatikana kirahisi. Mradi wa umma ulioezekwa kwa mbao hizo una kosa la pili juu ya la kwanza.

Wananchi walichangia mchanga, mawe na maji. Nako kuna ukaguzi?

Ndiyo, tena ni eneo linaloumiza watu waaminifu. Mchanganuo una mchanga mita za ujazo 40. Wananchi wamesomba 25. Mradi ukinunua tena zote 40, mkaguzi anauliza 25 zimekwenda wapi. Nguvu za wananchi ziingie kwenye leja kama vifaa vingine: tarehe, kitongoji kilicholeta, kiasi kilichopimwa, na thamani kwa bei ya eneo hilo. Kisha kiasi cha kununua kipunguzwe kwa muhtasari wa kikao, na fedha iliyookolewa ionekane. Wasomewe wananchi hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji. Waliobeba mawe kichwani wana haki ya kujua mchango wao uliingia wapi.

Bei zetu ziko juu kwa sababu ya umbali. Mkaguzi atakubali?

Atakubali ukiitenganisha bei ya kitu na gharama ya kukifikisha. Mfuko wa saruji unaokwenda Kagunga, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika mpakani na Burundi, unasafiri kwa boti. Una kupakia, nauli ya majini, kupakua, na wakati mwingine kubebwa na watu hadi eneo la mradi. Ukiandika bei moja kubwa, inaonekana umepandisha. Ukiandika bei ya duka Kigoma mjini, nauli ya boti kwa mfuko na malipo ya wapakuaji, kila kimoja na hati yake, mkaguzi ana kitu cha kulinganisha. Hali ni hiyohiyo Kalya, kusini mwa Uvinza, na Igunga kwenye tope jeusi la mbuga za Wembere, ambako lori la tani kumi haliingii masika na mzigo huhamishiwa kwenye trekta.

Boti ndogo au trekta la mkulima huenda lisiwe na mashine ya EFD. Waulize TRA mapema na uwe na majibu yao kwenye faili. Malipo yasifanyike kwa kuamini kwamba "huku watu wote wanafanya hivi."

Hasara ya njiani nayo izingatiwe majini: saruji ikiloa kwenye boti, kamati ya mapokezi iikatae na iandike idadi. Saruji iliyoganda ikipokelewa kimya, mzigo wa hasara umehama kutoka kwa msafirishaji kuja kwa shule.

Fundi alipwe vipi ili kusiwe na hoja?

Mkataba wa maandishi unaotaja kazi, kipimo, bei na muda, kisha malipo kwa hatua iliyopimwa. Kwa ufundi wa shilingi milioni 12, mgawanyo unaofanya kazi ni asilimia 20 msingi ukikamilika, 30 boma likifika lenta na kufungwa, 20 kupaua, 20 plasta na sakafu, na 10 zibaki hadi kasoro zirekebishwe. Kila malipo yawe na taarifa ya mhandisi aliyefika eneo la mradi, si picha ya simu peke yake.

Fundi huomba "ya kula" katikati ya hatua. Ukimpa, andika na ikatwe kwenye hatua hiyohiyo. Fundi aliyelipwa asilimia 90 huku jengo liko asilimia 60 ana sababu ndogo ya kurudi, hasa msimu wa kilimo ukifika.

Mradi wetu una mkandarasi. Msimamizi aangalie nini zaidi?

Dhamana, vyeti vya malipo na muda. Dhamana ya utendaji na ile ya malipo ya awali ziandikiwe benki iliyozitoa ili zithibitishwe, na tarehe za kuisha kwake ziwekwe kwenye kalenda ya ukutani. Dhamana iliyoisha wiki moja kabla mkandarasi hajatoroka haina msaada wowote.

Cheti cha malipo kisisainiwe bila karatasi za vipimo. Kazi ya ziada isifanyike kwa agizo la mdomo la kiongozi aliyetembelea mradi. Ipate makadirio na idhini kwanza.

Muda ndio unaosahaulika zaidi. Mkandarasi aombe nyongeza kabla mkataba haujaisha, akitaja sababu na siku. Mvua ya kawaida ya msimu ambayo ratiba yake mwenyewe ilipaswa kuizingatia si sababu nzuri. Asipopewa nyongeza, fidia ya ucheleweshaji ikatwe. Kwa mkataba wa shilingi milioni 450 wenye fidia ya asilimia 0.1 kwa siku, kila siku ni shilingi 450,000. Siku 60 ni milioni 27. Kama ukomo ni asilimia 10, unafikiwa siku ya 100, na hapo mshitiri, yaani mwenye mradi, anapaswa kuwa ameshaamua kuhusu hatima ya mkataba. Kutokukata na kutokuandika sababu ni hoja inayomwangukia afisa masuuli.

NeST imeondoa haja ya kukagua?

Hapana. Mfumo huu wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ulioanza kutumika mwaka 2023, unaonyesha nani aliomba, nani alitathmini na saa ngapi, na umepunguza sana nafasi ya kubadili nyaraka baadaye. Hauwezi kuhesabu mifuko stoo wala kupima nondo. Pia, neno la siri la msimamizi likitumiwa na karani wake, mfumo unamtambua msimamizi. Mtandao ukikatika Buhigwe, subiri au nenda makao makuu ya halmashauri. Usimpe mtu wa mjini akufanyie kwa jina lako.

Tumepewa hoja. Tunaijibuje?

Soma hoja hadi mwisho, kisha tenganisha sehemu tatu zake: kilichoonekana, sheria au kanuni iliyokiukwa, na kinachopendekezwa. Jibu kilichoonekana kwa ushahidi: nakala ya hati, ukurasa wa leja, kipimo kipya kilichofanywa mbele ya mhandisi. "Tumepokea ushauri, tutauzingatia" halifungi hoja. Linaihamishia mwaka unaofuata.

Kama nyaraka ilikuwapo ila haikuonekana siku ya ukaguzi, ipeleke mapema, ikiwezekana kabla ya kikao cha kufunga ukaguzi, na mkaguzi asaini kwamba ameipokea. Kama nyaraka haikuwapo, sema hivyo na ueleze hatua uliyochukua. Kuitengeneza sasa ni kosa la jinai, wakati kutokuwa nayo huenda lilikuwa kosa la utaratibu tu.

Hoja isiyofungwa inaweza kumfikisha Mkurugenzi mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC). Huko swali huwa lilelile: fedha ya wananchi iko wapi?

Fedha ni za mfadhili. Tufuate sheria ipi?

Soma makubaliano ya mkopo au msaada kwanza. Yakiweka taratibu zake na zikapingana na sheria yetu, makubaliano ndiyo yanayotangulia kwenye eneo hilo. Mengine yote yanabaki chini ya sheria ya nchi. Asasi zinazofanya kazi Kasulu na Kibondo zina jambo la ziada: gharama ambayo mfadhili anaiona haistahili inarudishwa kutoka mfuko wa asasi yenyewe, na asasi ndogo inaweza kufungwa na hoja moja.

Nimehamishwa kituo katikati ya mradi. Nifanye nini?

Usiondoke kwa kuaga tu. Fanya makabidhiano ya maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji au kata na mjumbe wa kila kamati. Hesabuni stoo pamoja, fungeni leja kwa mstari na saini siku hiyo, andikeni salio la benki, madeni ya fundi na wauzaji, LPO ambazo mzigo wake haujafika, na hatua ya jengo kwa picha zenye tarehe. Orodhesheni mafaili kwa idadi ya kurasa. Nakala moja abaki nayo anayepokea, moja iende halmashauri, na moja usafiri nayo wewe, kwa sababu mkaguzi anaweza kukutafuta ukiwa tayari uko mkoa mwingine na faili la kule limeshapungua kurasa.